Mia Mbili Ndani ya Keki

Mama mkwe wangu ana meno yake yote. Nalisema hili mapema kwa sababu tarehe 1 Januari, saa saba mchana, hapa nyumbani kwangu Mbeya, mbele ya mke wangu, watoto wangu na mashemeji wawili, nilikaribia kumng'oa moja. Sikutumia ngumi wala jiwe. Nilitumia keki.

Mkasa ulianzia Iringa. Mwanzoni mwa Desemba nilikwenda Kihesa kumsalimia bibi, naye, baada ya "kamwene" na ugali, akanituma chini ya kitanda nivute sanduku la bati nimtafutie karatasi za kiwanja. Karatasi za kiwanja hazikuwemo. Hazijawahi kuwemo mahali popote zinapotafutwa. Nilichokikuta ni daftari la shule lililofungwa kwenye mfuko wa nailoni, na chini ya daftari kitambaa chenye sarafu saba za zamani, shilingi za Afrika Mashariki, mfalme George wa Sita upande mmoja na simba upande wa pili. Sarafu nikazirudisha. Nikadhani ni akiba ya marehemu babu iliyopitwa na wakati, kama zinavyopitwa akiba nyingi za wazee. Daftari nikalifungua.

Juu ya jalada babu alikuwa ameandika neno moja: KUPIKA.

Babu yangu alikuwa mpishi. Kabla ya uhuru, na miaka michache baada yake, alifanya kazi kwenye shamba la tumbaku nje ya mji wa Iringa. Wagiriki ndio waliokuwa wakilima tumbaku sehemu zile, kama wenzao walivyolima mkonge kule Tanga na kahawa kule Kilimanjaro. Watu wa Dar es Salaam wana ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, uliobeba jina la tajiri wa Kigiriki, nao wameliviringisha jina mpaka likawa Anatoglo, na sasa linakaa mdomoni kama jina la Mzaramo. Bwana wa babu hakuwa na ukumbi. Alikuwa na mabani ya kukaushia tumbaku, mke, watoto watatu na hamu kubwa ya vitu vitamu vya kwao, na kwao kulikuwa kisiwa cha Kipro. Kipro nayo ilikuwa chini ya Mwingereza, ikapata uhuru wake 1960, sisi tukafuata 1961. Kwa hiyo bwana na mpishi wake wote wawili walikuwa wakitawaliwa na mtu mmoja. Tofauti yao ilikuwa nani anaosha sufuria.

"Miaka yote hiyo alimpikia mzungu," bibi akaniambia, akilitazama daftari kama mtu anayemtazama mke mwenza. "Mimi hakuwahi kunichemshia hata chai."

Nikamwomba nilichukue. Akasema nilichukue, maana halimsaidii kitu, ila nisisahau kwamba nilitumwa karatasi za kiwanja.

Ndani ya basi la kurudi Mbeya nina safari ya zaidi ya kilomita 300, misitu ya misonobari ya Mufindi inapita dirishani, na mimi nasoma. Mwandiko wa babu ulikuwa ule wa shule za misheni, herufi zimesimama wima kama zimeitwa paredi. Ukurasa wa kwanza: KURABIE. Wa pili: MELO MAKARUNI. Wa tatu: VASI LA PITA, na mpaka tunafika Makambako mimi nilikuwa nadhani ni vazi.

Nilipofika nyumbani nikaingia intaneti kidogo, mambo yakajipanga. Wenyewe huandika kourabiedes, melomakarona na vasilopita. Ya kwanza ni biskuti ya siagi na lozi, inayogaagazwa kwenye sukari ya unga mpaka ionekane imeangukiwa na theluji. Ya pili ni biskuti ya maji ya chungwa na mdalasini, inayochovywa kwenye asali. Hizo mbili ni za Krismasi. Ya tatu ni keki ya mwaka mpya, keki ya Mtakatifu Basili, ambaye sikukuu yake kwao ni tarehe 1 Januari, na ndani yake hufichwa sarafu. Atakayeikuta kwenye kipande chake, mwaka ule ni wake.

Nikamtangazia mke wangu kwamba mwaka huu Krismasi na mwaka mpya napika mimi, kwa heshima ya babu.

"Hii makaruni ndiyo nini?" akauliza.

"Inamiminiwa asali."

"Aa," akasema, "basi ni tambi za sukari. Mbona hizo tunazila kila Idi tukialikwa kwa majirani?"

Kesho yake nikakuta kabatini pakiti mbili za tambi, amenisaidia. Tulizila Januari nzima.

*

Tatizo la daftari la babu ni kwamba aliliandika kwa ajili ya babu. Mtu anayejiandikia mwenyewe haandiki anachokijua. Anaandika anachoogopa kukisahau. Hakuna mahali alipoandika unga kiasi gani. Kaandika "unga mpaka ukubali." Ukubali nini, na utajuaje kwamba umekubali, hayo alikwenda nayo kaburini. Lakini kwenye keki ya mwaka mpya orodha yake ilikuwa kamili kabisa, na nainakili hapa kwa sababu baadaye itanishitaki: siagi robo, sukari glasi mbili, mayai 6, ganda la chungwa, maziwa, unga mpaka ukubali, shilingi 1, ioshe, karafuu 1, juu.

Karafuu moja! Keki ya watu kumi! Nchi yenye Zanzibar na Pemba! Nikasema ubahili wa yule bwana ulikuwa umefika mpaka kwenye viungo, na nikaapa kwamba katika nyumba yangu jambo hilo litarekebishwa.

Sokoni Mwanjelwa niliuliza lozi. Muuza viungo akaniangalia juu mpaka chini kutafuta harusi inayonihusu. "Lozi hamna, kaka. Korosho zipo." Nikachukua korosho. Siagi ya ng'ombe nikaipata, bei yake ikanifanya niombe kiti. Ikabaki sukari ya unga, ile wapamba keki wanayoiita aisingi. Vipakiti vilikuwapo, vidogo kama vya dawa ya panya, na mimi nilihitaji kilo mbili. Hapo ndipo akili ya mwalimu wa historia ilipofanya kazi. Sukari ninayo. Mashine ya kusaga iko mtaa wa pili. Mahindi yanaingia punje yanatoka unga. Sukari ni punje pia.

Nikapanga foleni nyuma ya akina mama wenye ndoo za mahindi. Zamu yangu ilipofika, yule kijana wa mashine, mweupe kope mpaka viatu, akafunua mfuko wangu, akaonja, akazima mashine. Kimya kikatanda pale kibandani. Nadhani haikuwahi kuzimwa tangu ifungwe.

"Mwalimu," akasema taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa, "hii ikipata moto humu ndani itakuwa gundi. Nitasaga nini kesho? Nitamwambia nini mwenye mashine?"

Akina mama wakacheka mpaka ndoo zikatikisika. Nikarudi nyumbani na kilo zangu mbili, nikaazima kinu kwa jirani, nikatwanga sukari usiku baada ya watoto kulala, maana mwanamume anayetwanga sukari ana haki ya kufichwa na giza. Nikachekecha, nikatwanga, nikachekecha. Saa sita kasoro jirani akagonga ukuta: "Mwalimu, kwema huko?" Nikajibu kwema. Asubuhi nikakuta sisimizi wa mtaa mzima wamefanya maandamano ya amani kutoka mlangoni hadi kinuni, na kinu cha jirani nikakirudisha siku ya tatu baada ya kukiosha mara saba.

Kisha kulikuwa na suala la konyagi. Katika kurabie babu aliandika "konyagi ki", halafu hapo hapo pana doa la mafuta la miaka sabini, halafu "kimoja". Nikasoma kikombe kimoja. Mtu mwenye busara angejiuliza mambo mawili. Kwanza, zamani zile konyagi lilikuwa jina la brandi, ile ya rangi ya chai inayotengenezwa kwa zabibu. Siyo konyagi yetu ya leo, nyeupe kama maji na kali kama hakimu. Pili, kuna maneno mengine ya Kiswahili yanayoanza na "ki" ambayo chupa huwa nayo. Kifuniko, kwa mfano. Mimi sikujiuliza. Nikapima kikombe cha chai, kile kikubwa cha wageni, nikamimina.

Unga ulikubali. Ulikubali kila kitu. Ulikuwa umelewa.

*

Sina oveni. Nina jiko la mkaa, sufuria kubwa yenye mchanga chini, na bati la kufunikia ambalo juu yake unapalia makaa. Moto juu, moto chini, keki katikati inaomba Mungu. Nusu ya keki za sikukuu za nchi hii zimepikwa hivyo na zimeliwa zikaisha, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Isipokuwa Desemba Mbeya ni mvua, na gunia la mkaa nililouziwa lilikuwa limeogeshwa. Ulitoa moshi kwa saa nzima kabla ya kutoa moto, na ulipoamua kutoa moto ulitoa wote kwa pamoja.

Babu naye hakutumia kipimajoto. Alikuwa na tanuri la udongo nje ya jiko la bwana, la mviringo kama kichuguu, na kanuni yake ilikuwa hii: "Ingiza mkono, hesabu 20. Ukishindwa kufika, ngoja. Ukipita, ongeza kuni." Nikafunua bati, nikaingiza mkono, nikaanza. Nilifika nne. Vinyweleo vya mkono wa kulia viliondoka siku ile na mpaka leo vinarudi kwa awamu.

Nikangoja. Nikahesabu tena, nikafika 20, ingawa mwanangu mdogo aliyekuwa akisimamia alidai niliruka kutoka 11 kwenda 17. Nikapanga kurabie tisa kwenye sinia, nikafunika, nikapalia. Baada ya dakika 15 harufu ikatoka. Harufu ya siagi kwanza, nzuri, hata jirani akachungulia. Kisha ikatoka ile nyingine. Pombe inapochemka haina siri. Ilitandaza habari kutoka uani kwangu hadi barabarani, na wanaume wawili waliokuwa wakipita wakapunguza mwendo, wakatazama nyumba, wakatazamana.

Nilipofunua, chini zilikuwa mkaa, juu zilikuwa mbichi, na katikati, mahali padogo kama kucha, palikuwa na kurabie yenyewe. Nilipaonja. Nasema kweli, palikuwa patamu kiasi kwamba nilielewa kwa nini mtu atoke kisiwani, avuke bahari, aje alime tumbaku Uhehe, na bado alilie biskuti.

Ilinichukua siku tatu na siagi ya mshahara kupata sinia moja lililoiva pande zote. Hilo ndilo nililoligaagaza kwenye sukari ya kinu, nikalipanga kama piramidi mezani. Ndipo mama mkwe akafika.

*

Alikuja tarehe 30 kutoka Tukuyu. Tulimpokea pale Uyole, akashuka kwenye kosta na mikungu miwili ya ndizi, ndoo ya maparachichi, na kuku ambaye safari nzima alikuwa chini ya kiti cha mtu mwingine. Nikapiga goti kidogo, shikamoo mama. Akaitika, akaniongezea salamu ya kwao, nami nikajibu "ndaga," neno ambalo katika Kinyakyusa changu ndilo jibu la kila swali.

Mama ni mzee wa kanisa. Wamoravian walifika Rungwe 1891, na ukimsikiliza akisimulia unaweza kudhani alikuwepo kuwapokea. Hajawahi kuonja pombe. Hajawahi pia kumwona mwanamume wa familia yake amevaa aproni. Aliniona mlangoni na aproni ya mke wangu yenye maua, akageuza macho yake kwenye ukuta kwa adabu, kama aliyenikuta natoka kuoga.

"Mkwe wangu hajambo?" akamuuliza binti yake.

"Hajambo, mama. Anapika."

"Wewe unaumwa?"

Nikamkaribisha kurabie. Kuna jambo ambalo kila anayezila anapaswa kuambiwa kwanza: usivute pumzi. Ile sukari ni vumbi. Ukivuta pumzi unaifuata kooni. Nilisahau kumwambia. Mama akachukua moja, akaipeleka kinywani, akavuta pumzi ili ashukuru, na sukari yote ikaingia njia isiyo yake. Akakohoa. Alipokohoa, ile iliyokuwa kwenye biskuti ikaruka, na gauni lake jeusi la safari likawa la kijivu. Tulimpa maji. Alipopata sauti, alinusa vidole vyake.

"Mwanangu," akasema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali, "hii ina pombe?"

"Ilikuwa nayo, mama. Imekwenda na mvuke."

"Imekwenda wapi? Mbona naisikia hapa?"

Nikaleta melo makaruni haraka. Hizo, namshukuru Mungu, hazikuwa na mkasa: machungwa, mdalasini, asali niliyonunua njiani Mafinga, na karanga juu. Alikula nne na hakusema neno, jambo ambalo kwa mama ni hotuba. Nikapata moyo wa kuiendea keki.

*

Keki niliipika tarehe 31. Karafuu, badala ya ile moja ya ubahili, niliitwanga, nikatia kijiko kizima. Hela niliyotumia ni mia mbili ya sarafu, ile yenye Mzee Karume upande mmoja na simba upande wa pili. Niliiosha kwa sabuni, nikaichemsha, nikaidumbukiza kwenye mchanganyiko, nikakoroga. Sikujua imekwenda wapi. Niliona hiyo ndiyo haki.

Keki ikaumuka. Ikaumuka mpaka ikagusa bati. Watoto wakashangilia. Kisha, bila mtu kuigusa, ikapumua mara moja na kuzama katikati.

Mke wangu hufundisha fizikia na alikuwa akilisubiri jambo hili tangu Krismasi. Akanieleza, mikono nyuma, kama yuko ubaoni. Mbeya tuko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, maji yenyewe yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Gesi inayotoka kwenye beking pauda haina cha kuizuia, inatanuka upesi, keki inakimbilia juu kabla kuta zake hazijashika, halafu inaanguka. Dawa yake ni kupunguza beking pauda, kupunguza sukari, kuongeza maziwa kidogo.

"Kwa nini hukuniambia kabla?"

"Ulisema ni kwa heshima ya babu."

Na babu, nikakumbuka, hakuandika beking pauda popote. Iringa nako ni juu, mita zaidi ya 1,500. Babu aliiumua keki yake kwa mayai sita na mkono wake. Niliyeongeza ni mimi.

Keki ilikuwa na shimo katikati, kuta zake zimesimama pembeni, mfano kamili wa kreta ya Ziwa Ngosi. Nikalijaza asali. Mwanangu mkubwa akasema sasa lina ziwa, linahitaji watalii.

Tarehe moja, saa saba, tumeketi. Nikaeleza utaratibu. Kipande cha kwanza ni cha Kristo, cha pili ni cha nyumba, vinavyofuata ni vya watu kwa umri, kuanzia mkubwa. Mama mkwe, kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye kosta, akanitazama kwa macho ya mtu anayefikiria kusamehe.

"Hicho cha Yesu atakula nani?" mdogo akauliza.

"Nyamaza," akasema bibi yake. "Endelea, mkwe wangu."

Nikakata cha Kristo. Nikakata cha nyumba. Nikampa mama cha tatu. Habari ya hela nilikuwa nimeihifadhi ili iwashangaze. Hilo ndilo kosa langu la mwisho katika mkasa huu, na kubwa kuliko yote.

Akatafuna. Akasimama. Uso wake ukapita katika hali tatu nilizozihesabu. Kisha akaingiza vidole viwili kinywani, polepole, akamtoa Mzee Karume.

Msomaji anayeishi Mbeya hahitaji maelezo yangu hapa. Hela umeikuta mahali ambapo hela haikai, umepewa na mtu asiye wa damu yako, siku ya kwanza ya mwaka: hiyo kwetu ina jina lake. Shemeji mmoja alilitamka kwa mnong'ono, "chuma ulete," na shemeji wa pili bila kufikiri akashika mfuko wa suruali kuona kama hela zake bado zipo.

"Siyo hivyo, mama," nikasema. "Ni mila. Ni ya Wakristo. Inatoka Kipro."

Nilifikiri Kipro itaniokoa. Nilisahau naongea na mzee wa kanisa anayeijua Matendo ya Mitume sura kwa sura.

"Kipro," akarudia. "Kule Paulo alikomkuta Elima."

"Elima ndiye nani?" mwanangu akauliza.

"Mchawi," akasema mama, akaweka mia mbili mezani katikati yetu.

Nilijitetea kama mshitakiwa asiye na wakili. Nikamweleza Basili, askofu wa karne ya nne, ambaye kwa masimulizi yao alitaka kuwarudishia watu mali yao, na kwa kuwa hakujua kipi ni cha nani, akaoka mikate, akaficha vito na fedha ndani, akagawa; na kila mtu akakuta kilicho chake. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama huyo askofu naye alikuwa akiweka pombe. Nikasema sijui. Akauliza kwa nini keki inamtia ganzi ulimi. Hilo nililijua: kijiko kizima cha karafuu. Karafuu ndiyo dawa ya jino ya bibi zetu wote. Nilikuwa nimepika keki yenye kitu cha kuvunjia jino na dawa yake humo humo.

Aliyecheka kwanza ni mke wangu. Kisha mashemeji. Mama hakucheka, lakini aliomba sala, ndefu, juu ya ile sarafu, na baada ya "amina" akavuta sahani yake karibu akamaliza kipande.

*

Jioni nikampigia bibi Kihesa kumtakia heri ya mwaka na kumsimulia. Alicheka mpaka simu ikakwaruza. Kisha akauliza:

"Karafuu uliiweka?"

"Kijiko kizima."

"Nakuuliza ile moja."

Nikanyamaza.

"Wewe mtoto umesoma mpaka chuo," akasema. "Karafuu ile ni alama. Hela ikishaingia, babu yako alichomeka karafuu juu yake. Bwana alidhani ni pambo. Babu yako ndiye aliyekuwa akipeleka sinia mezani, akaligeuza anavyotaka. Bwana anakata cha kwanza, cha Kristo. Anakata cha pili, cha nyumba. Hivyo viwili havikuwa na mtu mezani, vilirudi jikoni."

"Kwa hiyo hela..."

"Ilikuwa kwenye cha nyumba. Si kila mwaka, babu yako hakuwa mjinga. Wale watoto wa bwana nao walikuwa watoto. Kuna miaka aliwapa. Lakini nyingine alileta hapa. Ananiamsha usiku, ananipa kipande, ananiambia tafuna taratibu."

Nikaziona zile sarafu saba ndani ya kitambaa, simba kwa simba, chini ya daftari. Hakuwahi kumchemshia chai.

Mama mkwe aliondoka tarehe 3. Kituoni Uyole, mzigo umeshapanda, nikakumbuka kuuliza kama ile mia mbili ameiacha mezani, maana nilitaka kuihifadhi. Akapapasa pindo la kanga yake, palipokuwa na fundo dogo, gumu, la mviringo.

"Imeshaombewa," akasema, akapanda kosta.

Desemba ijayo bibi amekubali kuja Mbeya. Anakuja na karatasi za kiwanja, zimepatikana. Zilikuwa ndani ya Biblia. Nimeshaazima kinu, na kikombe cha wageni mke wangu amekifungia kabatini. Karafuu nitanunua moja. Bibi amebakiwa na meno matatu, na safari hii lazima nijue hela iko wapi.